Paka dume aliyeziba mkojo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wafugaji wa Iringa, Njombe, Mbeya na vijiji vinavyoizunguka miji hiyo, ambako ni rahisi kumpata mtaalamu wa ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku kuliko kumpata daktari aliyezoea paka. Hayachukui nafasi ya daktari. Yameandikwa ili yakufikishe kwake ungali na siku moja mkononi, kwa kuwa katika ugonjwa huu mwenye fedha kidogo huangushwa na kuchelewa kabla hajaangushwa na bei ya matibabu.

Paka anazibaje mkojo?

Mkojo hutoka kwenye kibofu kwa kupitia mrija mmoja, na kwa paka dume mrija huo huwa mwembamba mno unapofika kwenye uume. Uvimbe mdogo, ute mzito uliochanganyika na chembechembe za madini, au kijiwe kidogo kama punje ya mchanga hutosha kuufunga. Mara nyingine hakuna hata kijiwe: kibofu kimepata mwasho, misuli ya mrija inajikaza kwa maumivu, na mkojo unakosa njia. Kwa paka wengi walio vijana wadudu wa maambukizi hawahusiki kabisa, na jambo hilo litatusaidia tutakapofika kwenye swali la dawa.

Nitajuaje kwamba tatizo ni mkojo na si choo kigumu?

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami nilipotea. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Julai, baridi kali, na dume wetu alikuwa ameingia jikoni kwenye majivu, mahali anapopenda kujisaidia wakati nje kuna umande. Alichimba, akachuchumaa, akakaza mgongo, akainuka bila kitu. Akasogea hatua mbili, akachimba tena. Kabla ugali haujaiva alikuwa amefanya hivyo mara tano, na majivu yote yalikuwa makavu. Bibi mmoja jirani, aliyekuja kuomba moto, alimtazama akasema, "Mwanangu, huyo amefunga choo, mpe mafuta ya kula kijiko kimoja." Niliitikia, "Sawa bibi," nikampa. Siku ile ikapotea.

Mkao wa paka anayekazana kukojoa hufanana na wa paka anayekazana kupata choo kubwa, kwa hiyo usiuamini mkao peke yake. Tazama kama anajilamba sehemu za siri bila kuacha, kama analia anapochuchumaa, kama panatoka matone mawili yenye rangi ya damu au hapatoki kitu. Kisha tumia mkono. Msimamishe paka juu ya meza au mkeka, pitisha kiganja chini ya tumbo mbele kidogo ya miguu ya nyuma, na papasa polepole kwa vidole bila kubonyeza. Kibofu cha paka mzima ama hukioni kabisa kwa mkono, ama ni laini kama puto lenye maji kidogo. Kibofu kilichozibwa ni kigumu na cha mviringo, kwanza kama limau, baadaye kama parachichi changa ambalo halijaiva, na paka atanguruma au kugeuka akuume. Ukikigusa kitu cha namna hiyo, acha kupapasa na uanze kutafuta usafiri.

Ni busara kumzoesha dume wako kupapaswa hivyo wakati akiwa mzima, mara moja kwa wiki, ili mkono wako ujue hali yake ya kawaida. Zoezi hilo halina gharama yoyote.

Nina muda gani kabla hajafa?

Mkojo ukizibwa kabisa, figo hushindwa kutoa taka na madini ya potasiamu hupanda kwenye damu. Ndani ya saa 24 hadi 48 paka huanza kutapika, hukataa chakula, hulala kwenye kona na mwili wake hupoa. Potasiamu ikizidi sana moyo hupunguza mwendo na hatimaye husimama. Paka wengi wasiotibiwa hawavuki siku ya tatu. Kwa hiyo swali la "nisubiri hadi kesho nione?" lina jibu moja tu kwa paka dume asiyetoa mkojo, nalo ni hapana, hata kama kesho ni siku ya gulio na leo ni Jumapili.

Unaweza kupima mwenyewe jinsi hali ilivyo. Weka vidole viwili kifuani nyuma ya kiwiko cha kushoto, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Paka mwenye maumivu na hofu hutarajiwa kuwa na moyo unaokimbia. Ukikuta yuko chini ya mapigo 140 kwa dakika huku mwili ni wa baridi, mwambie daktari jambo hilo kwenye simu kabla ya salamu ndefu.

Nimpeleke kwa nani?

Anza na simu. Ofisa mifugo wa kata ni mtu wa kuheshimiwa na mara nyingi ndiye anayejua nani wilayani anaweza kazi hii, lakini kuzibua mrija wa paka ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatofautisha daktari na mtaalamu msaidizi, na katika jambo hili tofauti hiyo si ya karatasi tu. Kabla ya kupanda gari kutoka Tukuyu, Makete au Mafinga, muulize daktari mambo matatu: ana mpira wa mkojo unaomwingia paka, ana dawa ya kumlaza, na anaweza kumwekea dripu? Akijibu hapana kwa mawili kati ya hayo, mwombe akuelekeze kwa mwenzake badala ya kukupokea kwa wema tu.

Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro. Kutoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300 kwa kuteremka Kitonga, na kutoka Mbeya ni zaidi ya 600. Ni mahali pazuri pa kwenda kwa upasuaji uliopangwa. Kwa paka ambaye kibofu chake kimejaa tangu jana, safari hiyo ni ndefu mno kama hajapunguziwa mkojo kwanza mahali pa karibu.

Nimbebeje?

Tumia tenga la nyanya au la kuku lenye mfuniko, utandike kitambaa ndani na ulifunike na kanga ili asione barabara. Usimtie kwenye kiroba kilichofungwa mdomo, na usimkumbatie kwenye bodaboda, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka kwa kubanwa. Wakati wa baridi weka ndani chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo.

Fedha yangu ni kidogo. Nimwambie nini daktari?

Mwambie ukweli mwanzoni, tena kwa kiasi kamili. Watu wengi huona aibu kutaja kiasi walichonacho, hukubali kila kitu, kisha hutoweka siku ya pili na kumwacha paka akiwa na mpira mwilini. Daktari anayejua kiasi chako anaweza kupanga. Mwombe akutenganishie gharama: kipi ni cha lazima leo, kipi kinaweza kusubiri, na kipi unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani.

Yaliyo ya lazima leo ni kumtuliza maumivu, kumlaza, kuuzibua mrija na kuusafisha kwa maji ya chumvi ya hospitalini, na kumpa maji ya mshipani. Paka ambaye hali yake ni mbaya atahitaji dawa ya kuulinda moyo kabla ya yote hayo. Kipimo cha damu kinachoonyesha potasiamu na hali ya figo ni kizuri sana kikipatikana. Kisipopatikana, daktari mzoefu huongozwa na mapigo ya moyo, joto la mwili na muda uliopita. Picha ya eksirei na kuotesha mkojo maabara mara nyingi vinaweza kusubiri. Chakula maalumu cha kutoka nje kinaweza kusubiri pia.

Jambo jingine ambalo si kila mtu analijua ni kwamba mpira wa paka hupimwa kwa namba ndogo, 3.5 au 5, yaani unene wa milimita 1.2 hadi 1.7 hivi. Daktari wa ng'ombe huenda asiwe nao, lakini mpira mwembamba wa kumlishia mtoto njiti, wa namba 5, huuzwa kwenye maduka ya dawa za binadamu, na madaktari wa wanyama huutumia kwa kazi hii. Ukimwuliza mapema kwa simu unaweza kuununua njiani. Kuuingiza ni kazi yake peke yake, kwa sababu mrija ulioraruka ni msiba mkubwa kuliko ule ulioziba.

Muulize pia kama anapokea malipo kwa awamu. Wapo wanaokubali, hasa ukilipa sehemu kubwa taslimu na kuandikiana. Familia nyingine hapa Iringa huweka kibubu cha wanyama, na kwa mwenye dume la ndani huo ni utaratibu wa maana.

Je, ipo dawa ya kienyeji ya kumzibua?

Haipo. Ndimu, siki, maji ya magadi, mafuta ya kula na chai ya mizizi havifiki kwenye kizibo kwa wakati, na magadi huufanya mkojo uelekee upande unaozalisha zaidi vijiwe vya struviti, aina inayowapata paka wengi. Kumnywesha maji kwa nguvu wakati njia imefungwa ni kuongeza maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Vidonge vya kukojoza vya binadamu ni vibaya zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Kulibonyeza tumbo ili mkojo utoke ndiyo njia ya haraka ya kukipasua kibofu.

Nimpe Panadol walau apunguze maumivu?

Usimpe. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu figo ambazo tayari zimeelemewa.

Dukani wamenishauri achomwe sindano ya antibayotiki. Ni sahihi?

Siku ya pili ya masaibu yangu nilikwenda kwenye duka moja la dawa za mifugo, nikaeleza, na paka akachomwa oksitetrasaiklini, ile sindano ya njano inayopigwa ng'ombe na mbuzi kwa karibu kila jambo. Nililipa, nikashukuru, nikarudi nyumbani na paka aliyeziba vilevile. Antibayotiki huua wadudu. Haiondoi kizibo, na kama ilivyoelezwa hapo juu, paka wengi vijana hawana wadudu hao. Sikuandika haya ili kumlaumu muuzaji, maana alinipa alichokuwa nacho, lakini fedha ile ingetosha nauli ya kwenda kwa daktari siku moja mapema.

Daktari hana mpira, au hawezi kuupitisha. Kuna njia nyingine?

Ipo, ingawa ina hatari zake. Daktari anaweza kuutoa mkojo kwa sindano nyembamba kupitia ukuta wa tumbo, akampa paka dawa za kumtuliza na kulegeza misuli, kisha akamweka mahali pa giza na kimya bila mbwa wala kelele. Mwaka 2010 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya njia hiyo kwa paka 15 ambao wenye nao hawakumudu matibabu ya kawaida: 11 walianza kukojoa wenyewe ndani ya siku tatu. Wanne waliosalia walishindikana kwa kuvujiwa mkojo au damu tumboni. Paka waliochaguliwa walikuwa hawajafikia hali mbaya ya damu, kwa hiyo njia hii haimfai aliyekwisha kupoa na kulegea. Hata hivyo, kwa mtu aliyeko Ludewa au Chunya inaweza kununua saa za kutosha kufika mahali penye vifaa.

Amezibuliwa na kurudishwa nyumbani. Niangalie nini?

Kwa kawaida mpira huachwa siku moja au mbili, na mara baada ya kuzibuliwa figo hutoa mkojo mwingi kupita kiasi, hivyo paka huhitaji maji mengi ili asikauke. Akirudi nyumbani, mfungie kwenye chumba kimoja chenye joto pamoja na beseni la kujisaidia, ili usilazimike kukisia anachofanya nje. Hapa Nyanda za Juu tuna bahati ya maranda: kiroba kimoja kutoka kwenye mashine za mbao za Mafinga kinatosha muda mrefu, na mahali palipolowa huonekana vizuri kwa rangi. Tumia maranda makavu, wala si vumbi laini la msumeno linaloganda kwenye manyoya yaliyolowa.

Hesabu mabonge yaliyolowa asubuhi na jioni na uyaandike. Mkojo wenye wekundu kidogo kwa siku chache si jambo la kuogofya. Beseni lililobaki kavu kwa saa 12, au kuchuchumaa mara kwa mara bila kitu hata kwa saa mbili tatu, ni sababu ya kurudi kwa daktari. Wiki ya kwanza ndiyo yenye hatari kubwa ya kuziba tena. Akijilamba kupita kiasi, mkatie kola ya boksi gumu, upana wa kiganja, na uifunge kwa kitambaa laini shingoni.

Tunamlisha ugali na dagaa. Je, ndicho kilichomponza?

Hakuna chakula kimoja cha kulaumiwa, lakini sahani hiyo ina kasoro tatu. Dagaa waliokaushwa huliwa na mifupa yote, na mifupa ina fosforasi na magnesiamu, ambayo ni malighafi ya vijiwe. Nafaka nyingi hupunguza asidi ya mkojo, na vijiwe vya struviti vilivyotajwa juu huganda kirahisi katika mkojo wa namna hiyo. Kasoro ya tatu ndiyo kubwa: chakula ni kikavu. Nyama au samaki wabichi wana maji kiasi cha robo tatu ya uzito wao, ilhali chakula kikavu cha dukani kina karibu asilimia 10 tu.

Si lazima uwaache dagaa wa Ziwa Nyasa, ambao kwa wengi wetu ndio protini ya bei nafuu. Waloweke usiku kucha, mwaga maji ya kwanza pamoja na chumvi na mchanga, wachemshe kwa maji mengi, kisha mpe paka pamoja na mchuzi wake wote. Usitie chumvi, kitunguu maji wala kitunguu saumu. Vitunguu ni sumu kwa paka. Badilisha siku: leo dagaa, kesho utumbo wa kuku uliochemshwa, keshokutwa vipande vya samaki visivyo na miiba. Ugali ubaki kuwa wa kushikiza tu, kijiko kimoja, uliolainishwa kwa mchuzi. Ongeza vijiko vitatu au vinne vya maji katika kila mlo, na akizoea ongeza kingine. Maziwa si badala ya maji, na paka wengi wazima huharishwa nayo.

Chakula maalumu cha kuyeyusha vijiwe hufanya kazi kwa aina moja ya vijiwe, ile ya struviti, na hushindwa kabisa kwa ile ya kalsiamu okzaleti. Usikiagize bila daktari kujua aina uliyonayo.

Nitamfanyaje anywe maji wakati wa baridi?

Paka wa kilo nne huhitaji takribani mililita 200 za maji kwa siku, yakiwamo yaliyo ndani ya chakula. Mwezi wa Juni na Julai, maji ya bakuli lililolala sakafuni Njombe au Uyole huwa baridi kiasi kwamba hata mtu hayagusi, na paka hushinda kando ya jiko la mkaa bila kunywa wala kutoka kukojoa. Mpe maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, katika bakuli pana, mbali na beseni la kujisaidia. Weka mabakuli mawili au matatu mahali tofauti. Kama una paka wawili, weka mabeseni matatu. Paka anayeviziwa njiani na mwenzake hubana mkojo, na hofu ya namna hiyo peke yake huamsha ugonjwa wa kibofu.

Je, kuhasi kunasababisha tatizo hili?

Kuhasi hakuufanyi mrija uwe mwembamba kiasi cha kuziba. Dume aliyehasiwa hunenepa na kushinda amelala, na hayo mawili ndiyo yanayoongeza hatari, kwa hiyo mpunguzie chakula wala usiache kumhasi.

Na paka jike?

Jike ana mrija mfupi na mpana, hivyo huziba kwa nadra sana, ingawa mwasho wa kibofu na damu kwenye mkojo humpata kama dume.

Ameziba kwa mara ya tatu. Nifanye nini?

Zungumza na daktari kuhusu upasuaji wa kuikata sehemu nyembamba ya mrija na kufungua tundu pana zaidi. Ni kazi ya mpasuaji aliyeizoea, na hapo ndipo safari ya Morogoro ina maana. Upasuaji huo hupunguza sana uwezekano wa kuziba, lakini hautibu mwasho wa kibofu wala vijiwe, na maambukizi ya mkojo huweza kuongezeka baadaye. Piga hesabu ya gharama za kuzibuliwa mara tatu kabla ya kusema upasuaji ni ghali.

Sina uwezo wowote wa kumtibu. Nina njia gani?

Ongea na daktari kuhusu kumlaza paka moja kwa moja kwa sindano. Wengi huona kwamba kumwacha afe nyumbani ni upole, lakini kifo cha kibofu kilichozibwa huchukua siku mbili au tatu za maumivu makali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama asimwache katika mateso yanayoepukika. Mwombe daktari ampe kwanza sindano ya usingizi, hadi asijitambue, ndipo apewe ya mwisho. Unaruhusiwa kukaa naye na kumshika kichwa. Ukipenda kumzika shambani, chimba shimo la kina cha kutosha mbwa wasimfukue, kwa sababu dawa iliyomo mwilini mwake itamdhuru mnyama yeyote atakayemla.